Uso wa Mdogo Wangu

Kwaruu. Kwaruu. Kwaruu. Beseni la plastiki likiburutwa juu ya sakafu ya saruji, asubuhi, wengine bado tumejifunika shuka. Mlio huo naukumbuka vizuri mpaka leo, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuburuta beseni. Tulikuwa nalo moja kubwa, aliyemaliza kunawa anamwachia mwenzake pale pale. Nikainua kichwa. Alikuwa mdogo wangu, amefika kutoka shule usiku wa jana yake wakati nimeshalala, anavuta kibeseni cha bluu kuelekea kwenye kona nyuma ya ndoo.

"Hilo umelitoa wapi?" nikamuuliza.

"Ni langu. Msilitumie."

"Kwani lina nini?"

"Lenyewe halina kitu. Mimi ndiye mwenye kitu."

Akageuka. Mashavu yote mawili yalikuwa yamevimba vipele vyekundu, vingine vina usaha, na kidevuni palikuwa na vinundu viwili vikubwa ambavyo hata kwa macho tu unaona vinauma. Nikakaa kitandani. Uso ule nilikuwa nimeutengeneza mimi.

Nieleze. Nafanya kazi saluni hapa Igogo, chini kidogo ya nyumbani, na shule niliishia kidato cha pili. Ndoto hazijaisha lakini. Kuna wiki nataka kuwa nesi, kuna wiki nataka kuendesha zile ndege ndogo zinazopita juu ya ziwa. Ila kazi niliyosifika nayo, niliyoambiwa nina mkono wake, ilikuwa kukoroga. Mteja analeta losheni yake, mimi nafungua kifuniko, naminyia humo tyubu mbili tatu za krimu tunazozijua wenyewe, nakoroga kwa mkia wa kitana mpaka rangi inakuwa moja. Kila saluni ina mkorogo wake. Wa kwetu watu waliufuata kutoka mitaa ya mbali.

Likizo ya Pasaka mdogo wangu alikuja na chunusi chache kwenye paji la uso. Chache kweli, ungeweza kuzihesabu wakati unasubiri chai ichemke. Akaniomba, nikamkorogea kopo zima. Baada ya wiki uso ukawa laini, unang'aa. Mama akasema mikono yangu ina baraka, na mimi nikatembea siku hizo kifua mbele kama niliyeshinda uchaguzi. Kopo likaenda naye shuleni, ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Mwezi wa tano likaisha. Siku chache baadaye uso ukaanza kulipuka.

Wasichana wa bweni, unawajua walivyo. Wakamwita Kashata, kwa sababu ya zile karanga zinazojitokeza juu. Aliyekuwa analala kitanda cha juu yake akahama. Matroni akampeleka zahanati ya jirani, mhudumu alikuwa na foleni ndefu, akaandika maneno manne kwenye kikaratasi akampa pamoja na vidonge vya maumivu. Matroni akakisoma kile kikaratasi. Hakuelewa, akauliza mwalimu mmoja, akaambiwa kati ya hayo maneno kuna moja linahusu usaha. Akaogopa. Mimi simlaumu, mwaka uliopita upele ulipita bweni zima na yeye ndiye aliyechemsha mablanketi. Akamwambia mdogo wangu atangulie nyumbani kabla ya likizo ya mwezi wa sita, atibiwe, arudi na barua ya daktari inayosema wazi kwamba ugonjwa wake hauambukizi. Bila barua asirudi.

"Hata nikiipata sirudi," mdogo wangu alituambia siku ile ya beseni. "Nitafute kazi tu. Dada mbona anafanya kazi na anacheka kila siku."

Hilo ndilo lililonichoma. Mimi niliyeishia cha pili najua shule inavyoachwa. Haiachwi siku moja. Unasema nitarudi wiki ijayo, halafu wiki ijayo inazoea kukaa mbele yako, mpaka siku unashtuka wenzako wana vyeti na wewe una kitana mkononi. Nacheka kila siku ni kweli, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini yeye alikuwa kidato cha tatu, na hesabu alikuwa anaziweza, na sikutaka aachie hapo kwa sababu ya krimu niliyoikoroga mimi.

Mama yetu anauza samaki wa kukaanga karibu na ziwa, na wateja wake kila mmoja alikuwa na tiba.

"Damu chafu hiyo. Mchemshie mwarobaini," mmoja alisema.

"Ni ujana tu. Akiolewa zitaisha," akasema mwingine.

"Aolewe ana miaka kumi na sita?" mama akamuuliza, huku anageuza samaki.

"Nimesema akiolewa, Mama, sijasema kesho."

"Basi kula samaki wako."

Usiku ule mdogo wangu alinionyesha kile kikaratasi. Alikuwa amekikunja mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kukatika. Akne vulgaris. Papula, pustula, nodula. Nikayasoma polepole, moja moja, kama mtu anayepita kwenye mawe yenye utelezi. Yeye alikuwa ameshayakariri. Alikuwa ameamua moyoni kwamba ugonjwa wenye jina refu namna ile hauponi, na kwamba hilo vulgaris ndilo baya kuliko yote, kwa jinsi linavyotamkwa. Nikalitafuta kwenye simu. Zikaja picha ambazo nilizifunga haraka asizione, na maelezo ya Kiingereza ambayo nilielewa "ngozi" na "usoni" tu.

Jumatatu saluni yetu haifunguliwi. Nikamchukua mdogo wangu tukaenda hospitali, kwenye kliniki ya ngozi, tukakaa benchi tangu asubuhi. Alijifunga mtandio mpaka chini ya macho. Tulipoitwa tukamkuta daktari mwanamama, wa kutoka Kagera kwa lafudhi yake, miwani ameipandisha kichwani.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba wanangu. Nani mgonjwa, huyu aliyejificha au huyu anayetetemeka?"

Kumbe nilikuwa natetemeka. Akamfungua mdogo wangu mtandio mwenyewe, kwa upole, akamgeuza uso kulia na kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Akabonyeza kidogo kidevuni. Halafu akauliza swali nililokuwa nalisubiri tangu kwenye benchi.

"Umepaka nini?"

Mdogo wangu akaniangalia, akaangalia chini. Nikaona kabisa kwamba anatafuta uongo wa kunifichia, na hapo moyo wangu haukuweza.

"Amepaka mkorogo," nikasema. "Nilimkorogea mimi. Ndiyo kazi yangu."

Nilijiandaa kutukanwa. Daktari akashusha miwani machoni.

"Umeweka tyubu gani?"

Nikamtajia zote tatu, na rangi za maboksi yake. Akaitikia kwa kichwa kila nilipotaja, kama mtu anayesikia majina ya watoto wa jirani.

"Mbili kati ya hizo zina steroidi. Ni dawa, nzuri kabisa ikiwa mahali pake. Usoni kwa mtoto mwenye chunusi inazizima kwa muda, zinajificha, watu wanakusifu. Ngozi inaizoea. Ukiiacha zinarudi, zimekuja na ndugu zao." Akaniangalia. "Leo umenisaidia. Wengi wanakaa hapo wananiambia ni sabuni tu."

Nikalia kidogo. Sio sana. Kisha nikatoa kikaratasi nikamwekea mezani.

"Daktari, samahani. Haya maneno yana maana gani? Tunataka kuelewa, maana yanamtisha."

Akasoma, akacheka kwa pua. Halafu akafanya jambo ambalo nalikumbuka kwa shukrani: na watu wote wale nje, akavuta karatasi akachora. Akachora ngozi kwa mstari, na unywele umesimama ndani ya kishimo chake. Pembeni ya kishimo akachora kifuko. Hiki ndicho kinachotoa mafuta ya ngozi, akasema, na katika umri wenu kinatoa mengi. Mlango wa kishimo ukiziba kwa mafuta na ngozi iliyokufa, tunaita komedo. Ikifunga juu, unaona kichwa cheupe. Ikibaki wazi, mafuta yanakutana na hewa yanakuwa meusi.

"Sio uchafu?" mdogo wangu akauliza. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu mle ndani.

"Sio uchafu, mwanangu. Unaweza ukasugua mpaka Krismasi, hautoki. Utajichubua tu."

Akaendelea. Kishimo kikivimba kikawa chekundu, kigumu, bila usaha, hiyo papula. Ikiwa na usaha juu, pustula. Kikivimba chini kabisa, kikawa kinundu kinachouma ukigusa, nodula, na hizo ndizo zinazoacha makovu, ndiyo maana hazikamuliwi. Na zote hizo hazitoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hata mkila sahani moja na kunawa beseni moja.

"Na vulgaris?" mdogo wangu akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Vulgaris? Ni Kilatini. Maana yake ya kawaida. Ile ya watu wote."

Mdogo wangu akamkodolea macho. "Yaani huyo mhudumu ameandika chunusi za kawaida?"

"Chunusi za kawaida."

"Na mimi nimelia wiki mbili."

Akaanza kucheka, nikaanza na mimi, na nesi akafungua mlango kuangalia kuna nini.

Furaha hiyo haikudumu mpaka getini. Daktari aliandika jeli ya kupaka jioni, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, akatuonya kwamba itakula rangi ya taulo. Akaandika vidonge. Halafu akasema ukweli: kwa sababu ya mkorogo uso unaweza kuzidi kidogo kwanza, na nafuu yenyewe ihesabiwe kwa wiki nane mpaka kumi na mbili. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki nne. Mdogo wangu akajifunga mtandio wake tena.

"Kwa hiyo nitarudi hivi hivi," akasema njiani. "Basi sirudi."

Barua tulikuwa nayo, lakini ilikuwa imeandikwa kidaktari. Utambuzi: akne vulgaris, wastani kuelekea kali, papula na pustula nyingi, nodula mbili, historia ya steroidi. Nilijua matroni akiisoma atafanya kile kile alichofanya na kikaratasi. Kesho yake, kabla sijafungua saluni, nikarudi hospitali nikamsubiri daktari mlangoni. Nikamwomba aiandike upya kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida.

"Leo siwezi, mwanangu, ona hiyo foleni," akasema. "Andika wewe."

"Mimi?"

"Si ulielewa? Andika kama ulivyoelewa, ulete. Kama iko sahihi nitaipigia muhuri."

Jamani. Mimi ambaye insha yangu ya mwisho mwalimu aliichora mistari myekundu kama njia za ng'ombe. Niliandika barua ile kwa siku nne, kati ya mteja na mteja, juu ya kiti cha kuoshea nywele. Nikachana, nikaanza upya. Nilitaka kila neno la daktari libaki, maana maneno hayo yana heshima yake, lakini kila moja lifuatane na maelezo yake. Papula, ndicho kipele chekundu kisicho na usaha. Nodula, ndicho kinundu kilicho ndani, tafadhali asishauriwe kukikamua. Nikaandika kwamba haiambukizi kwa beseni, kwa taulo, kwa kitanda wala kwa kukaa karibu. Nikaandika pia, hapo mkono ulikuwa mzito, kwamba hali hii ilizidishwa na krimu aliyotengenezewa nyumbani na dada yake, ambaye ameacha kutengeneza.

Nilikuwa nimeshaacha kweli. Mteja mmoja alileta losheni yake wiki ile ile, nikamwambia sikorogi tena. Bosi wangu akageuka na draya mkononi.

"Hukorogi? Kwani umekuwa daktari wa Igogo?"

"Bado, bosi. Lakini zile tyubu zina steroidi."

"Ndiyo nini?"

Nikamweleza, na mteja akasikiliza, na aliyekuwa chini ya draya akaomba draya izimwe asikie vizuri. Bosi hakufurahi. Alininunia siku mbili, siku ya tatu akaniita pembeni akaniuliza kuhusu mabaka ya mdogo wake. Mpaka leo anakoroga mwenyewe mara moja moja, sitasema uongo, lakini mimi hanilazimishi.

Daktari aliisoma barua yangu akiwa amesimama. Alibadilisha neno moja tu: pale nilipoandika "ugonjwa huu utaisha" akafuta akaandika "unatibika na unahitaji muda". Akasaini. Akapiga muhuri, pa, wino wa zambarau. Nilishuka na barua ile nimeishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Sijui kama watu waliosoma wanajua raha ile. Maneno yangu mwenyewe, na chini yake muhuri wa hospitali.

Kilichobaki kilikuwa mwenye uso. Kila jioni baada ya kupaka jeli tulichora uso wake kwenye daftari. Yeye ndiye aliyeanza kuuita ramani ya ziwa: shavu la kulia Ukerewe na visiwa vyake vidogo, paji la uso bandarini, kidevuni zile nodula mbili akaziita mawe. Papula tuliweka nukta, pustula duara, komedo msalaba. Wiki ya pili visiwa viliongezeka, kama daktari alivyosema, na kwa sababu alikuwa amesema hatukuogopa sana. Wiki ya tatu jiwe moja likaanza kuzama. Mama naye akashika maneno. Alikuwa anapita na beseni la samaki anasema, "Mayu, mwanangu, leo pustula ngapi?" kama anauliza bei ya nyanya.

Na tulikuwa tunafanya mazoezi. Mimi nacheza wasichana wa bweni.

"We Kashata, toa uso wako hapa, utatuambukiza."

"Haiambukizi. Ni akne vulgaris."

"Weee, vulgaris? Si ndiyo ile ya kufa?"

"Ni chunusi za kawaida. Hata wewe unazo hapo puani. Hizo zinaitwa komedo."

"Nani ana komedo?"

"Wewe. Nne. Nimezihesabu."

Mara ya kwanza alijibu kwa mnong'ono, amejifunika. Mara ya kumi alikuwa ameweka mikono kiunoni na mama anamwambia apunguze, asije akarudishwa kwa ugomvi.

Kibeseni cha bluu kilikuwa kimeshapandwa mchicha na mama, bila kuuliza mtu.

Siku ya kufungua shule tukapanda kivuko cha Kamanga asubuhi. Uso ulikuwa bado. Nataka niseme hivyo wazi: haukuwa umepona, ulikuwa na wekundu na madoa, na jiwe moja lilikuwa pale pale. Watu kwenye kivuko waliangalia. Mdogo wangu alisimama kwenye chuma cha ukingo, upepo wa ziwa unampiga usoni, amevaa kofia tu ya kukinga jua. Mtandio aliuacha nyumbani. Sikumwambia aache. Tulishuka ng'ambo, tukaenda moja kwa moja shuleni.

Matroni alitupokea mlangoni mwa bweni. Mwanamke mnene, mchovu, funguo shingoni. Akaisoma barua yangu yote, mstari kwa mstari, midomo ikitikisika. Wasichana walikuwa wameshaanza kusogea, mmoja akamnong'oneza mwenzake. Matroni akakunja barua.

"Imeandikwa vizuri hii," akasema. "Ningepata hii mwanzo." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Haya, nodula ni nini?"

"Ni kivimbe kilicho chini ndani ya ngozi, matroni. Kinauma. Hakikamuliwi, kinaacha kovu." Alisema kwa nguvu, na wale wa nyuma wakasikia.

"Na hapa kwangu?" Matroni akasogeza kidevu chake, akakigusa kwa kidole. "Hivi vyeusi?"

Mdogo wangu akasogea, akaangalia kwa makini kama alivyoangaliwa yeye kwenye mwanga wa dirisha.

"Komedo iliyo wazi, matroni. Sio uchafu. Usisugue."

Bweni likacheka, na matroni akacheka. Yule msichana aliyehama kitanda akauliza kutoka nyuma, "Na mimi je?" Mdogo wangu akamwambia asubiri zamu. Matroni akawaamuru wote wawili wachukue ndoo moja wakalete maji, wakaondoka nayo, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini, wanabishana. Hakugeuka kuniaga. Nikasema afadhali.

Nikashuka mpaka getini. Mlinzi hakuwepo, kiti chake kilikuwa kitupu na redio inaimba yenyewe. Mezani palikuwa na kitabu cha wageni kimefunguliwa, na kalamu imefungwa kwa uzi. Asubuhi tulipita haraka na msururu wa wazazi, hakuna aliyetuandikisha. Ningeweza kupita tu. Nikainama nikajaza mstari wangu: jina, ninakotoka, saa. Mwisho palikuwa na kisanduku kinachouliza sababu ya kuja. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, "Kumrudisha mwanafunzi." Nikaupuliza wino ukauke, nikafunga geti nyuma yangu.